Mkasi wa Mashoto

Fundi hakuniomba ruhusa. Aliuchomoa mkasi kwenye fuko, akaupuliza vumbi, akaushika kwa mkono wa kushoto na kuuingiza kwenye kitambaa cha kanzu alichokwisha kukipigia chaki. Ukatembea. Kutoka begani mpaka pindoni, bila kutafuna, bila kukunja, kama punda anayeijua njia ya kwao.

Nikabaki nimesimama, kofia mkononi.

Mkasi ule umo nyumbani kwetu tangu mwaka 1979 na haukuwahi kukata vile. Marehemu mama alikuwa fundi cherehani hapa hapa Ngamiani, Tanga, akishona sare za shule na magauni ya Idi, na mkasi ule ulimshinda. Kila akiubana, kitambaa kinajikunja baina ya makali badala ya kukatika. Aliunoesha kwa watu watatu. Wa mwisho, mnoa visu wa baiskeli, aliusugua kwenye jiwe lake mpaka cheche zikaruka barabarani, kisha akasema, "Bi mkubwa, chuma hiki kimekufa." Mama akaushusha cheo. Ukawa wa kukatia kamba na kufungulia mifuko ya unga, basi.

"Mwalimu, mbona mkasi mzima huu," fundi akasema bila kuinua macho. "Wa mashoto, ndo maana mimi nauweza. Mama alikuwa na mashoto?"

Hakuwa nayo.

Nilikwenda pale kumpa kijana yule vikorokoro vya marehemu: bobini, sindano, futi kamba iliyofutika namba. Nyumba inapakwa rangi na binti yangu hataki kuviona tena. Nikatoka nimeviacha vyote isipokuwa mkasi. Nilimwambia nitaurudisha. Hii ni wiki ya saba.

## Neno "kuokota"

Sitawasimulia Vita vya Kagera, vile tulivyopigana na Idi Amin wa Uganda. Mliokuwepo mnavijua, msiokuwepo mmelelewa navyo. Nitasimulia mkasi.

Kwa miaka mingi nilisema niliununua Kampala. Nilipozeeka kidogo, nikagundua kwamba mtu akikiri dogo watu hawamwulizi kubwa, nikaanza kusema niliuokota Masaka, mji wa huko huko Uganda. Watu walicheka. Waliorudi walirudi na vyao: mmoja redio, mwingine saa, na nilimwona mmoja amebeba taa ya gari isiyo na gari. Mkasi ni kitu gani mbele ya hivyo?

Ila kuokota ni kuinua kilichoanguka. Ule haukuanguka. Ulitundikwa msumarini kwa kitanzi cha uzi mwekundu kilichosokotwa kwa nyuzi tatu. Chini yake palikuwa na meza ya kukatia, na juu ya meza suruali ya mtoto. Mguu mmoja umekwisha kukatwa, wa pili umechorwa chaki tu. Nilisimama pale na bunduki begani, nina miaka 20, nikamkumbuka mama yangu. Nikaona nafanya wema.

"Tuliingia mji mtupu," ndivyo nilivyozoea kusema kuhusu Masaka, na si uongo, wengi walikwisha kukimbia mizinga kabla yetu.

Lakini mji mtupu hauna mashoto.

Aliyeutundika mkasi ule alikuwa na mashoto. Ndilo jambo pekee ninalolijua juu yake. Sijui mwanamume au mwanamke, sijui alirudi au hakurudi. Najua tu kwamba alihangaika kuupata, maana mikasi ya namna ile haijazana madukani. Huyu fundi wetu anasema amekatia mikasi ya watu wa kulia tangu utotoni mpaka kidole gumba kimeota sugu upande usio wake. Kwa hiyo mwenye mkasi aliuagiza, au aliletewa na mtu anayempenda, akausokotea uzi. Kwa miaka 46 nilikuwa na mkasi usio na mwenyewe. Fundi alikata kanzu moja tu, mwenyewe akatokea.

## Uwezo, sababu, nia

Novemba 1978 nilikuwa karani msaidizi kwenye shamba la mkonge nje ya mji, nikiandika hesabu za wakataji. Mwalimu Nyerere alipozungumza redioni tarehe 2, redio ya ofisini ilitolewa dirishani, tukakusanyika uwanjani. Uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wapo watu mpaka leo wanayakariri maneno yale kama dua, na mimi nilikuwa imamu wao. Nilikwisha kupita mafunzo ya mgambo, nimefundishwa kulenga shabaha kwa bunduki ya mti. Jina langu lilipoitwa nilifurahi. Mama alilia, nikamwonea aibu mbele za watu.

Treni ikatutoa Tanga, ikapita Korogwe, ikashika njia ya Ruvu, kisha reli ya kati mpaka Mwanza, na kutoka hapo meli mpaka Bukoba. Wengine ndio mara ya kwanza kuliona ziwa, wakauliza mbona bahari hii haina chumvi. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 lilivimba likapita 150,000 kwa miezi michache, na kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo: makarani, wakulima, wauza samaki waliovishwa magwanda yasiyowaenea.

Kisha nikaiona Kyaka, kwenye mto Kagera. Daraja limelala mtoni. Ng'ambo, nyumba zimebaki kuta. Mabati, milango, ng'ombe, vyote vimekwenda. Chini ya migomba ya nyumba moja tulikuta viatu vya plastiki vya watoto, pea tatu, vimepangwa kwa ukubwa kama wenyewe wameingia ndani kula. Ndani hamna mtu. Karibu raia 1,500 waliuawa kwenye kipande kile cha nchi ambacho Amin alitangaza kuwa chake. Sababu ilikuwepo. Ilikuwa inanuka.

Hapo sijabadilika. Akitokea mtu leo kuniuliza kama ilikuwa haki kumtoa Amin Kagera, namjibu kabla hajafunga mdomo.

Shida yangu inaanzia upande wa pili wa mpaka.

## Tulisomewa amri

Waliotutangulia waliichukua Mutukula Januari 1979. Nilipopita mimi, wiki kadhaa baadaye, Mutukula haikuwepo. Mji umesawazishwa na ardhi. Na wapo raia waliouawa pale. Hili si siri ya kunong'onezana. Habari zilimfikia Mwalimu, akakasirika, amri ikashuka kwamba raia wasiguswe wala mali zao zisiguswe.

Tulisomewa amri ile tumepanga mstari. Naikumbuka vizuri mno, kwa sababu nilisomewa kabla ya kufika Masaka.

Masaka ilianguka 24 Februari, Mbarara siku ya pili yake. Masaka ilipigwa mizinga, na hata ilipokwisha kushikwa ikaendelea kubomolewa, kulipiza ya Kagera. Kila mtu alikuwa na jibu moja mfukoni. Ukisita unaambiwa, "Umesahau Kyaka?" Nilipouchukua mkasi msumarini na mimi nilijiambia hivyo hivyo: hawa walibeba mabati yetu, nami nabeba mkasi wao. Kana kwamba fundi mwenye mashoto ndiye aliyekuja Kyaka na lori kung'oa mabati.

Hilo ndilo linalonichoma sasa kuliko mkasi wenyewe. Wale watoto wa pea tatu za viatu niliwageuza hundi. Kila nilichokitaka nilikilipia kwao, na hundi haikukataliwa hata mara moja. Nimeendelea kuichana na kuitoa miaka yote hii, barazani, harusini, darasani. Anayetaka kuuliza jambo lolote kuhusu Uganda namwekea Kyaka mezani, ananyamaza.

## Lukaya

Hii nitaipitisha haraka kwa sababu ina aibu yake.

Nilikuwa brigedi ya 201, iliyojaa mgambo kama mimi. Tarehe 10 Machi, pale Lukaya, ambapo barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, maroketi yakaturukia vichwani. Yalipita juu, wala hayakutugusa. Tukakimbia hata hivyo. Nilitupa kila kizito nilichokuwa nacho. Mkasi tu nilibaki nao, maana ulikuwa ndani ya shati na unanichoma mbavu kila hatua, na sikuwa na muda wa kuutoa. Usiku ule brigedi ya 208 ilizunguka, alfajiri ikawapiga kwa nyuma Waganda na Walibya waliokuja kuwasaidia, nasi tukarudi mbele kama watu waliotoka kujisaidia.

Lukaya nimeisimulia mara mia. Kipande cha kukimbia ndio nakiandika leo.

Rafiki yangu mkubwa, mtoto wa Pangani, alinusurika Lukaya. Alikufa wiki chache baadaye kwenye lori lililopinduka, Kampala imekwisha kuanguka na sisi tunaimba. Hesabu inayotajwa ya askari wetu waliokufa katika vita vyote ni 373, na waliouawa kwenye mapigano ni 96. Waliobaki wengi ni ajali. Mama yake nilimwambia alikufa akishambulia. Alitaka kujua alishambulia nini, nikasema daraja.

## "Kitambaa kiko wapi?"

Nilirudi Tanga mwishoni mwa 1979. Nchi ilikwisha kuombwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Tukafunga mpaka mkanda ukaisha matundu, na miezi 18 ikawa miaka. Kule shambani mashine ya korona, ya kukamulia mkonge, ililala kwa kukosa spea, mkonge ukaota maua ukisubiri mkataji.

Mama alipokea mkasi kwa mikono miwili. Akaupima uzito, akaufungua, akaufunga.

"Mwanangu, umeniletea mkasi. Kitambaa kiko wapi?"

Tulicheka. Lakini miaka ile mama alishona sare za shule kwa mashuka na mapazia ambayo watu waliyatoa madirishani mwao, kwa sababu kwenye duka la kaya foleni ilikuwa ndefu na mwisho wake palikuwa na kaunta tupu. Wachumi msinishukie: najua mafuta yalipanda bei, najua Jumuiya ilivunjika 1977, najua bei ya mkonge ilikuwa imeanguka siku nyingi. Lakini inatajwa kwamba vita vile viligharimu kama dola milioni 500, na nchi yetu haikuwa nazo. Zilitoka kwenye kitambaa cha mtu.

Baadaye nikasomea ualimu. Kwa zaidi ya miaka 30 somo la vita hivi shuleni kwetu lilikuwa langu. Walimu wenzangu waliniachia kwa heshima. Nilikuwa nalifundisha vizuri, watoto wanasimama juu ya madawati. Lilikuwa na mwisho mmoja: Aprili 11, 1979, Kampala imeanguka, kengele inagonga, nendeni mkacheze.

Somo langu halikuwahi kufika Juni, Rais Lule, aliyemrithi Amin, alipoondolewa baada ya siku 68 tu. Halikufika kwa Binaisa naye kuondolewa mwaka uliofuata, wala Desemba 1980, Obote aliporudi kwa uchaguzi ambao wenzake hawakuukubali, wala Februari 1981, Museveni alipoingia msituni. Halikufika Luwero, ambako vita hivyo vya msituni viliua raia wengi. Nilikuwa nasoma habari hizo gazetini wakati zinatokea. Nilikuwa nafungua ukurasa wa michezo.

## Kijana wa bomba

Miaka michache hii Tanga imepata wageni, kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, mpaka Chongoleani. Mmoja wao, fundi wa kuchomelea kutoka Uganda, alipanga chumba kwa jirani yangu. Kijana mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Jirani alimwambia mimi nilipigana, akaja kunisalimia na mkate.

"Babu yangu alikuwa anawaombea nyinyi," akaniambia. "Kila Jumapili. Anasema Watanzania walitutoa kaburini."

Nikavimba kama andazi. Akaendelea, kwa adabu ile ile:

"Mama yangu yeye hapendi hayo maneno. Anasema mlimtoa mmoja mkatuwekea wengine. Yeye alikimbia Luwero, mimba ya kaka yangu tumboni."

Nusu ya kwanza niliipeleka barazani jioni ile ile, ikapigiwa makofi. Nusu ya pili sikumwambia mtu.

Nikiwa mkweli, nusu hiyo inaweza kusomwa kinyume cha ninavyoisoma. Labda yule mama analalamika kwamba tuliondoka mapema, majeshi yetu yalipotoka 1981, wala si kwamba tulikwenda. Nimeligeuza hili kitandani mara nyingi. Labda kosa lilikuwa kuondoka. Lakini tungekaa kwa fedha ya nani, na watoto wa nani? Na mgeni anayekaa nyumbani kwako na bunduki mwaka wa tatu, wa nne, unamwita mkombozi mpaka lini? Nilitamani kumwuliza kijana amwulize mama yake. Mradi ukamhamisha, akaniachia shati la kazini na salamu.

## Jioni ya Goma

Mkasi ulikata kanzu mwezi Januari 2025. Mwisho wa mwezi ule ule Goma, mashariki ya Kongo, ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Askari wetu walikuwa kule na majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wapo ambao hawakurudi wazima.

Barazani, kwenye kahawa ya baada ya Isha, vijana walikuwa wamechemka. Hawa M23 si ndio tuliowatimua 2013? Ndio. Basi jeshi lote liende, limalize kazi. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyezaliwa Amin amekwisha kuzikwa Jeddah, alikuwa anachora ramani kwa kijiti mchangani. Akanigeukia.

"Mwalimu, hebu waambie hawa. Nyinyi mlimfuata mpaka kwake."

Huo ndio ulikuwa mlango wangu. Kila mtu anajua ninachosema nikipewa mlango ule. Muuza kahawa alikwisha kusimamisha birika ili asikie.

"Mimi nisingekwenda," nikasema.

"Goma?"

"Kampala."

Palikuwa kimya mpaka tukasikia mkaa unapasuka kwenye jiko la kahawa. Kisha mzee mwenzangu, ambaye mdogo wake hakurudi kutoka vita vile, akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele. "Ndugu yangu, wewe unawatukana waliolala Kaboya." Kaboya ndiko walikozikwa askari wetu wa vita vile. Akavaa makubazi yake akaondoka, kahawa imebaki nusu. Hajakaa karibu nami tangu siku ile. Msibani juzi tulipeana mikono bila macho.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilitembea, na miguu ikanipeleka Raskazone, ambako Waingereza walishusha majeshi yao kutoka India Novemba 1914. Watu kama 8,000 dhidi ya Wajerumani na askari wao waliokuwa kama 1,000. Uwezo waliuona kwa macho. Nyuki wakatoka, risasi zikatoka, ndani ya siku tatu nne wakawa wanarudi melini, wameacha bunduki mamia na risasi nusu milioni, ambazo kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akazitumia kuwapigia wao wenyewe. Nimewapeleka wanafunzi pale mara ngapi kuwacheka Waingereza! Usiku ule sikupata kicheko. Niliwaza kuhusu wapagazi wa vita vile, ambao hakuna aliyewauliza nia.

## Kila hatua na sababu yake

Yule mzee nimemjibu kichwani kila usiku, na kila usiku jibu linaharibika mahali pale pale.

Mwanzo tulikwenda kuwatoa Kagera. Tuliwatoa. Kisha tukasema hatuwezi kukaa tukitazamana na mizinga yao, tukachukua Mutukula. Kisha Masaka na Mbarara, maana Amin hakuifuta kauli yake na OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, haikutaka kumlaani. Pale, kwa nilivyokuja kuelewa, ilitazamiwa Waganda wenyewe wamalizie. Hawakuwa na nguvu hiyo, na Gaddafi wa Libya akaleta watu wake. Basi tukaenda Lukaya. Gaddafi akatutaka tutoke, nani atamkubalia Gaddafi? Basi Entebbe, Kampala, Jinja, mpaka tarehe 3 Juni tukawa tunatazama mpaka wa Sudan, mimi karani wa mkonge, nikiuliza hapa wanapaita nini.

Hakuna hata hatua moja isiyo na sababu. Ukiichukua moja moja, ningeipigia kura. Ila sababu ya Kyaka ilitukuta nyumbani kwetu, imekuja na miguu yake. Hizi nyingine tulizikuta njiani, kila mahali tulipofika tunakuta moja imetangulia kutusubiri. Nadhani zilikuwa zinatusubiri kwa sababu tulikuwa na uwezo wa kufika. Yale maneno matatu niliyoyasomesha maisha yangu yote, nilidhani yanatembea bega kwa bega. Nikitazama nyuma naona mahali fulani kati ya Mutukula na Masaka uwezo ulishika usukani, sababu ikakaa nyuma na mizigo.

Sasa mahali jibu linapoharibika. Tungesimama mpakani, Amin angebaki Kampala. Maelfu kwa maelfu walikwisha kuuawa chini yake, wengine wanataja 300,000, na wengine wangefuata. Babu wa yule kijana wa bomba angeomba kwa nani Jumapili? Mzee mwenzangu angesema hivyo, na mimi ningemtazama tu. Sina cha kumwambia. Naweza kumwambia kuhusu Luwero, naye atasema hiyo ni dhambi ya Waganda. Naweza kumwambia kuhusu 96 na 373, naye atasema mdogo wake ni mmoja.

Na Kaboya simtukani mtu. Ningependa siku moja kuketi naye nimweleze tu kwamba mimi nilikuwa hai, nilirudi, nikawatumia wale waliolala kama nilivyowatumia wale watoto wa viatu. Walionyamaza niliwasemea, na kila mara nikiwasemea walikuwa wanakubaliana na mimi. Bodaboda yule alitaka nimpe jambo hilo hilo aende nalo Goma. Kama ningeufungua mlango wangu wa kawaida jioni ile, angekwenda kulala akiamini vita vinaishia siku mji unapoanguka, kama somo langu.

Binti yangu, nilipomsomea rasimu hii, aliniuliza swali moja tu. Kama Mungu angenirudisha mpaka uwanja ule wa shamba la mkonge, redio dirishani, ningekataa kwenda? Nikamwambia ningekwenda. Ningekwenda mpaka mtoni, nivuke, niwafukuze mpaka mpakani. Akasema, "Halafu afande anakuamuru uvuke mpaka." Nikamwambia ana maswali kama ya mama yake.

## Jumamosi

Mkasi uko hapa mezani ninapoandika. Nimeupaka mafuta ya cherehani. Uzi mwekundu ulioza zamani, imebaki alama nyeusi ya kutu pale ulipokuwa umefungwa.

Fundi anautaka. Amenitajia bei, kisha akaipandisha bila mimi kufungua mdomo. Jumamosi nilipita mbele ya kibaraza chake nikijifanya nina haraka, akaniita.

"Shikamoo mwalimu. Vipi ule mkasi wangu?"

"Marahaba. Ule una mwenyewe."

"Nani?"

"Fundi kama wewe. Wa Masaka, Uganda."

Akakata uzi kwa meno, akanitazama kama ananipimia koti.

"Sasa mwalimu, si umpigie simu?"